Ati Mtoto Hasumbui

Jumatano. Ukungu tangu asubuhi, ile baridi ya mwezi wa saba inayofanya Nyeri nzima itembee na mikono mfukoni. Mlima sijauona tangu nijifungue. Sijauliza umeenda wapi pia.

Nyinyi mnaonisoma hapa mmezoea niwaandikie habari za mitumba: robota gani limefunguliwa, koti zipi zimekuja, kitambaa kipi kitachuja ukikifua mara moja. Leo sina koti. Niko na mtoto msichana, na habari yake nimeshindwa kumsimulia mtu kwa mdomo, kwa hivyo nimekaa jikoni na simu yangu, naandika.

Nianze na ukweli ndio nisizungukezunguke.

Sihisi chochote.

Si huzuni. Huzuni naijua, nilimzika baba yangu na nikalia mpaka sauti ikaniisha. Hii ni ganzi. Ukiukalia mguu muda mrefu, unaushika na unajua kabisa ni wako, lakini habari haifiki. Mtoto nilimzaa vizuri, akawekwa kifuani, watu wakasema hongera. Nikasema asante. Nilikuwa nangoja ile kitu ambayo wenzangu husema inakujia ukimwona, ati unalia machozi ya furaha. Nilingoja pale wodini. Nikaja kungoja nyumbani, huku Majengo, kwenye chumba chetu kimoja na jiko. Bado nangoja.

Wageni hawakujua, na ungewajulishaje? Akina mama wa kanisa walikuja na thermos za uji na sufuria za njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, maana kwetu mzazi bila njahi ni kama hajazaa. Walipiga vigelegele hapo mlangoni mpaka jirani zangu Waislamu wakatoka kuangalia ni harusi ya nani. Walimshika mtoto mmoja baada ya mwingine. Nilikula, nilicheka panapochekwa. Mdomo ulikuwa unajua kazi yake.

Sasa mambo ya jina. Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Msichana wa kwanza ni mama ya bwana yako, na hapo hakuna mjadala. Kwa hivyo binti yangu ni Wangeci, kama mama ya bwana yangu Muriuki, yule mama anayelima mpunga kule Mwea. Na si jina tu. Jina likishatua, mtoto anakuwa ndiye. Muriuki, mwanaume mzima mwenye ndevu, anainama juu ya kitu kidogo kilichofungwa shuka na kukiita "maitu", yaani mama yangu. Kabla arudi kazini Nanyuki alimuaga kwa heshima zote, akimuomba ruhusa ya kwenda.

Mama yangu mzazi naye, aliyetoka Giakanja kuja kunitunza, alikuwa akiingia asubuhi anamsalimia, "Mami, umeamkaje? Mwea kuko aje?" Mtoto akipiga chafya, ni vumbi ya mchele. Akikunja uso, ameskia bei ya mchele imeshuka. Tulicheka sana na hiyo maneno. Haki, ilikuwa inachekesha.

Na huyu Wangeci mkubwa anajulikana kwa kitu kimoja: upole. Kwa ukoo wa Muriuki hakuna mtu amewahi kumsikia akipaza sauti. Hata ng'ombe wakiingia kwa mpunga wake, wanasema, yeye huwaambia tu watoke. Kwa hivyo mtoto alipoanza kulala, akalala, akalala tena, kila mgeni alikuwa amekuja na jibu lake tayari.

"Si ni Wangeci! Huyo atasumbua nani?"

"Umebarikiwa, wewe. Wangu alinikesheza mpaka nikakonda."

Ati mtoto hasumbui. Niliambiwa hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kujibu, "Ni kweli, hasumbui," kama ni kazi yangu nzuri nimefanya.

Kuna siku matiti yalikuwa yamejaa hadi yanauma, nikataka kumwamsha anyonye. Mama akanishika mkono akicheka. "Wee! Mama mkwe anaamshwa? Ulifunzwa tabia wapi?" Wageni wakaanguka kwa kicheko. Ulikuwa mzaha, na mama alikuwa mtu wa kwanza kujua ni mzaha. Lakini mzaha ukirudiwa na watu wa kutosha unakuwa sheria ya nyumba. Kutoka hapo, nikimkaribia kumwamsha, mtu yuko hapo kuniambia, "Mwache Mami apumzike, ametoka mbali." Na mimi namwacha.

Ningependa kuwaambia nilikuwa namwacha kwa sababu ya heshima. Nilikuwa namwacha kwa sababu ilinifaa. Akilala, hakuna mtu ananitazama kuona kama nampenda. Akiamka inabidi nimwangalie usoni, na nikimwangalia naona uso tu. Kwa hivyo nilipendelea alale. Nilikuwa nakaa kitandani kando yake na kutazama ukuta, adhana ya adhuhuri inapita, ya alasiri inapita, na mimi sijahama.

Sijaandika hii ndio mniambie pole. Nimeandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tena kulikuwa na hii baridi. Mama aliogopa nimonia kuliko anavyoogopa simba. Mtoto alikuwa na kofia mbili, soksi za mikono, sweta aliyofuma mwenyewe, shuka, halafu blanketi. Pazia halifunguliwi, dirisha ndiyo kabisa. Kuogeshwa tukasema kungoje jua. Alikuwa anapanguzwa kwa kitambaa cha maji moto hukohuko chini ya shuka, mkono unaingia na kutoka. Na taa ya chumba chetu ni ile ya manjano, hata maziwa chini yake yanakaa kama chai.

Mimi nauza nguo. Kila siku ya soko nawaambia wateja, usinunue rangi ndani ya kibanda, toka nayo nje uione kwa mwangaza. Nimeyasema hayo miaka. Mtoto wangu sikumtoa nje hata siku moja.

Jumamosi ya wiki juzi mama mkwe akaja.

Alikuwa amechelewa kwa sababu maji yalikuwa yamefunguliwa kwa mifereji, na Mwea maji yakifika kwa shamba lako unapandikiza, hata kama umezaliwa mara ya pili huku Nyeri. Aliingia na mfuko wa mchele wa pishori, sweta mbili juu ya nyingine, meno yanagongana. Watu wa Mwea hawaijui baridi. Alinawa mikono kwa maji moto, akakaa kwa kiti, na mama akamwekea mtoto mapajani.

"Ona vile ametulia," mama akasema. "Ni wewe mtupu."

Mama mkwe alimfungua blanketi. Alitoa kofia ya kwanza, akatoa ya pili. Akatoa mguu mmoja kwa soksi na kuupiga unyayo kwa kidole. Mtoto aliukunja mguu polepole sana, halafu akauachilia. Akapiga tena, sasa kwa nguvu, mpaka mimi nikashtuka. Mtoto alifungua mdomo, hakuna kilichotoka, akaendelea kulala.

"Nani amewaambia mimi ni mpole?"

Mama alicheka kidogo. "Si kila mtu anajua, Mama Muriuki."

"Mimi nilikuwa mtoto ya makelele. Mama yangu akienda soko, watu walikuwa wanajua amefika kabla hawajamuona. Walikuwa wanamwambia anirudishe nyumbani. Upole nilifundishwa nikishaolewa. Hakuna mtu alinizaa nayo."

Akasimama na mtoto mkononi.

"Huyu si mimi. Huyu ni mgonjwa."

Alifungua mlango akatoka naye kwa korido, kwenye ukungu, mama nyuma yake akipiga kelele ati mtoto atauawa na baridi. Mimi niliwafuata pole pole, maana sikuwa na haraka ya kitu chochote siku hizo. Mama mkwe aliegemea ukuta, akaivuta kope ya mtoto chini kwa kidole gumba. Sote watatu tuliona. Weupe wa jicho ulikuwa manjano. Akafungua sweta, akabonyeza kifua, na pale kidole kilipotoka ngozi ilibaki manjano, mpaka kitovuni.

Mama yangu alirudi ndani akachukua blanketi, akasimama nalo, hajui amfunike nani.

Jirani wa chini ana Probox ya kubebea mboga. Tulipanda hivyo hivyo kwenda hospitali, na harufu ya vitunguu. Mama mkwe ndiye alimbeba. Hakuna aliyesema nimpe, na mimi sikuomba. Njiani alikuwa anampiga unyayo na kumsemesha kwa sauti kubwa, yule mama wanayesema hapazi sauti: "Amka! Wangeci, amka! Utalala kwa nani?"

Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine namzidi miaka michache. Hakuwa mkali.

"Ananyonya mara ngapi?"

"Akiamka ananyonya."

"Na asipoamka?"

"Huwa hatumwamshi."

"Kwa nini?"

Ungemjibu nini? Kwamba ana jina la mama mkwe wangu, na mama mkwe haamshwi? Nilisema sijui. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, na mpaka leo sijamweleza ule mzaha. Nafikiri aliuelewa. Hata Mwea wako na mama wakwe.

Walimtoa damu. Mtoto alilia kidogo, kilio chembamba, kikakatika katikati. Daktari akatueleza taratibu: manjano ya watoto wachanga ni ya kawaida, wengi wanaipata na inaisha yenyewe, lakini ya huyu imepanda sana. Ikipanda inamfanya alale, akilala hanyonyi, asiponyonya inapanda zaidi. Ikiachwa inaingia kwa ubongo. Akasema ni vizuri tumekuja leo. Niliposema, "Na tungekuja wiki ijayo?" alishusha macho akaanza kuandika.

Niliskia hayo maneno yote. Niliyaelewa. Nilikuwa natazama viatu vya daktari, viatu vizuri vya ngozi, nikiwaza vinaweza kuwa vya mtumba.

Wakamvua nguo zote wakamwacha na nepi, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakamlaza chini ya taa ya buluu, ile ya kushusha manjano. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mzima. Alikuwa na magoti. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza, kila mtu ana magoti. Miguu ilikuwa myembamba kuliko vile sweta zilikuwa zinatudanganya.

Kazi yangu ilikuwa kukamua maziwa kwa kikombe na kumnywesha kidogo kidogo, halafu kukaa kwa benchi na kungoja saa ya kukamua tena. Wamama wengine walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, wengine wanaomba. Mimi nilikuwa nakaa. Mama yangu alikuwa ameenda nyumbani kumpigia Muriuki simu. Alisema mtandao wa hospitali ni mbaya, lakini nilijua ni aibu. Kwa benchi tukabaki mimi na mama mkwe. Hatujawahi kukaa wawili peke yetu tangu niolewe. Huwa kuna mtu wa katikati.

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Pengine ni kwa sababu yeye hakuwa ameniuliza.

"Mami," nikamwambia, "sisikii chochote kwa huyu mtoto."

Hakugeuka. "Chochote namna gani?"

"Chochote. Hata sasa. Daktari amesema anaweza kuharibika ubongo na mimi nilikuwa naangalia viatu yake."

Alifungua mfuko wake akatoa nduma iliyochemshwa, akaikata vipande viwili, akanipa kile kikubwa. Tulikula. Nduma ilikuwa baridi na ngumu, na nilikuwa na njaa bila kujua.

"Umeambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Muriuki?"

"Hapana."

"Mama yako?"

Nilicheka. Mama nilijaribu kumwambia mapema, siku ya pili ama ya tatu. Alisema ni uchovu, akaniongezea njahi.

"Hiyo si uchovu," mama mkwe akasema. "Uchovu naijua, nimepandikiza mpunga na mimba ya Muriuki. Mtu amechoka husema amechoka. Wewe umekaa hapa na hata husemi benchi ni ngumu." Akafuta mikono kwa leso. "Mimi sijui dawa yake. Ningekuwa najua ningekuambia. Mimi najua mpunga. Lakini huyu mtoto ameugua ndani ya nguo, watu wakimsifu. Wewe usiugue hivyo."

Nilitaka kulia hapo, kwa adabu tu. Haikuja. Alinitazama akaona haijakuja, na hakuonekana kushangaa. Aliniambia niende nikamue, saa imefika.

Mtoto alinyweshwa usiku na mchana, chini ya taa na nje ya taa, mimi na mama mkwe tukipokezana kikombe. Kuna asubuhi moja nilikuwa nampa maziwa, akakataa kumeza, akayaacha yakamwagika shingoni. Nikampiga unyayo. Akakunja uso. Nikapiga tena, nikaskia mdomo wangu ukisema, "Lia. Wewe, lia." Sitawadanganya kwamba hapo ndipo mapenzi yalipokuja. Hayakuja. Nilitaka alie tu. Ni kitu cha kwanza nilichokitaka kwa wiki hizi zote, ndio maana nakikumbuka. Alilia. Alilia mpaka akawa mwekundu, mpaka nesi akageuka, na mama mkwe, kutoka mlangoni, akasema kwa sauti ambayo ukoo wa Muriuki ungeshangaa kuisikia, "Sasa huyo ndiye mimi!"

Tumerudi nyumbani. Macho yameanza kuwa meupe. Pazia iko wazi, baridi ama si baridi. Sweta ni moja. Mama yangu amerudi Giakanja. Aliniaga akiangalia chini, na kesho yake akanitumia kuku kwa mtu wa boda. Yeye huomba msamaha kwa kuku. Sijamkasirikia. Ningetaka kumkasirikia, ningekuwa nimehisi kitu.

Muriuki alikuja Jumapili akakaa siku mbili. Alimshika mtoto kwa mikono yote miwili akarudia, "Maitu, ungetuacha? Maitu?" Alilia yeye. Nilimpatia kitambaa. Sikumwambia. Nilisimama nyuma yake na sentensi yote iko mdomoni, akageuka akaniambia, "Lakini wewe uko sawa, ama?" kwa ile sauti ya mtu ambaye hawezi kubeba kitu kingine siku hiyo. Nikasema niko sawa. Tazama vile ilikuwa rahisi.

Na sasa mama mkwe anarudi Mwea, keshokutwa, mpunga haumngoji mtu. Kwa hivyo tutabaki wawili, mimi na huyu mdogo, mchana kutwa, mlango umefungwa. Hilo ndilo linaloniogopesha, kama naweza kusema naogopa. Mtoto akiumwa sasa atalia, amejifunza. Mimi nikizidiwa, nani atajua? Naoga. Nasuka nywele. Najibu simu. Ukinipigia utasema, huyu mama anaendelea vizuri, wala hasumbui mtu.

Kwa sasa namwamsha kwa saa. Nampiga unyayo, ananililia, ananyonya, namcheulisha. Mikono inafanya. Mama mkwe anasema hata mche wa mpunga haukuombi uupende, unakuomba maji, na hayo mengine yatakuja ama yataletwa. Sijui kama ni kweli. Yeye mwenyewe alisema anajua mpunga tu.

Kesho ni kliniki. Nayajua yote yatakayofanyika. Tutakaa kwenye foleni, watamvua nguo, watamweka kwa mizani, watamwangalia macho. Daktari ataniuliza, "Mtoto anaendelea aje?" na nitamjibu kila kitu, ananyonya mara ngapi, anachafua nepi ngapi, sasa najua. Kisha atasema vizuri, mama, mlete tena baada ya wiki mbili. Mtu wa nyuma yangu ataanza kusimama.

Mimi sitasimama. Hata asiponiuliza. Nimetafuta sentensi fupi, ambayo mtu anaweza kuimaliza kabla ya sauti kumgeuka, na sasa hivi hapa jikoni nimeijaribu, mama mkwe akichagua mchele na kujifanya haniskii.

"Daktari, mtoto ako sawa. Ni mimi siko."